Lahani Isifanywe Mtumwa wa Okestra

Kila itajwapo kazi ya kuendeleza muziki wetu, husikika shauri moja likikaririwa kama dua: kwamba nyimbo zetu ni nzuri lakini ni nyembamba, na kwamba hazitapata heshima mbele ya mataifa mpaka zipangwe kwa okestra kubwa, zitiwe sauti nne kwa mtindo wa Kizungu, na zipigwe na watu wengi waliokodolea macho karatasi. Shauri hili limevaa vazi la maendeleo. Mimi nalipinga, si kwa kuichukia okestra, bali kwa kuwa wenye kulitoa hawajajiuliza swali lililo la awali: katika wimbo, nani bwana na nani mtumishi?

Kwanza, okestra si jambo geni kwetu. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na katika miongo iliyofuata makundi ya taarabu yalikua, yakifuata mfano wa Misri, hata yakawa na ganuni, udi, nai, safu ya fidla, selo, besi, akodiani, dumbaki na rika. Hiyo ni okestra kamili. Wala hatukungoja mgeni aje kutufundisha namna ya kuipanga. Mpango wake ni huu: wote huifuata lahani moja, na kila chombo huipamba kwa tabia yake. Fidla huivuta, ganuni huimwagia vijisauti vyepesi, udi huidonoa, nai huipulizia pumzi, na besi huishika miguu isiyumbe. Mwimbaji anapoghani, vyombo hupungua. Anapomaliza ubeti, hupanda na kumjibu. Huo ndio upangaji, ijapokuwa haukuandikwa katika vitabu vya London.

Sasa mpangaji wa mtindo mpya hufanyaje? Huichukua lahani, akaipachika juu ya nguzo za sauti zilizokwisha kupimwa kwa piano. Hapo ndipo msiba unapoanzia. Piano huigawa oktava katika nusu-sauti 12 zilizo sawasawa. Lakini nyimbo nyingi za taarabu zimejengwa juu ya maqamu, na baadhi ya maqamu hayo yana sauti ambazo piano haina. Katika maqamu ya Rasti, sauti ya tatu hukaa baina ya vibao viwili vya piano vilivyo jirani. Katika Bayati, sauti ya pili hukaa vivyo hivyo. Fidla huipata sauti hiyo, kwa kuwa kidole huteleza juu ya uzi pasipo kizuizi. Ganuni, ambayo aghalabu ina nyuzi 78, huipata kwa kugeuza vijiwenzo vidogo vilivyo ubavuni. Piano haiwezi. Basi mpangaji hulazimika kuisukuma sauti ile juu au chini ili ipatane na nguzo zake. Akiisukuma juu, Rasti imekufa. Akiisukuma chini, imekufa vilevile. Kinachobaki ni wimbo unaofanana na ule wa kwanza kama vile picha ya maiti inavyofanana na mtu.

Mtu asidhani kwamba haya ni malalamiko ya wazee wa pwani peke yao. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, waliohudhuria wanamuziki wa Mashariki pamoja na mabingwa wa Ulaya kama Béla Bartók na Paul Hindemith. Suala la kuingiza piano na vyombo vingine vya Ulaya lilibishaniwa vikali, na hata piano zilizotengenezwa kwa robo-sauti zilionyeshwa hapo. Ikiwa wakubwa wa fani walisita, sisi tunakimbilia wapi?

Jambo la pili ni maneno. Taarabu ni shairi lililopewa mabawa. Kiswahili nacho kina mkazo wake, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama maana huweza kuhama nao. Neno “barabara” likikazwa katika silabi ya tatu ni njia ya kupita magari; likikazwa katika silabi ya pili ni sawasawa kabisa. Mpangaji asiyejali lugha hulipeleka pigo kubwa la ngoma popote hesabu yake ipendapo, na mshairi akaonekana kama mgeni asiyejua kusema. Aidha, vyombo thelathini vinaponguruma kwa pamoja wakati mwimbaji anatoa kina cha mwisho, ambamo ndimo fumbo limefichwa, msikilizaji hurudi nyumbani na makelele, fumbo likabaki jukwaani.

Na hiyo heshima inayotafutwa kwa ukubwa, je, ilipatikana kwa ukubwa? Siti binti Saad, aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri akiwa na wapigaji wachache tu. Aliimba kwa Kiswahili zama ambazo Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha ya heshima katika baraza za wakubwa. Sauti yake ikavuka bahari, ikaingia majumbani mwa watu pwani nzima. Hakubebwa na wingi wa fidla. Alibebwa na lahani iliyoachiwa nafasi na neno lililosikika.

Atatokea mtu aniulize: mbona akodiani mnayo, nayo haina robo-sauti? Ni kweli. Lakini mgeni mwenye adabu hujua pa kunyamaza, na akodiani katika mikono ya mjuzi hukaa kimya pale maqamu inapodai sauti isiyokuwa nayo. Sina ugomvi na chombo. Ugomvi wangu ni na amri. Kinanda cha umeme, ambacho tangu miaka ya 1990 kimechukua nafasi ya watu wengi jukwaani, chaweza kuwa mtumishi mwema. Ila kinapofanywa kuwa okestra nzima, mpiga ganuni hukosa kazi, na asipokuwa na kazi hapati mwanafunzi. Ujuzi usio na mwanafunzi huzikwa na mwenyewe.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Roho haipanuliwi kwa kushonewa koti la mtu mwingine.

Basi nanyi walimu, mtakapopanga wimbo kwa kundi la shule, anzeni kwa kuusoma ushairi wake kwa sauti mpaka mkazo ukae masikioni. Kisha uimbeni bila chombo, mjue maqamu yake. Ndipo muongeze vyombo kimoja kimoja, na kila kimoja kiulizwe: umeongeza nini ambacho lahani ilikihitaji? Kisichokuwa na jibu kiondoke. Nanyi wanafunzi, mwapo na mzee apigaye ganuni au udi mtaani kwenu, mwendeeni angali na nguvu za vidole. Karatasi za sauti nne zitapatikana hata kesho. Yeye huenda asipatikane.