MAMBO YA NYUMBANI: Baridi nje, nyama imeoza ndani

Wengi wetu hapa kambini hatuna friji. Samaki tunamkausha, nyama tunanunua ya kula siku hiyo hiyo, na soda baridi tunaifuata kwa mwenye duka aliye na jenereta au sola. Lakini wengi tuna ndugu waliokwenda kuishi nchi za baridi, na shida zao zinatufikia kwa simu. Mwezi huu nawaletea shida iliyoipata familia yangu mwenyewe.

Mdogo wangu anaishi Kanada, mkoa wa Ontario, pamoja na mume wake, mama mkwe na watoto wanne. Nyumba waliyopanga ina gereji. Msifikirie gereji ya fundi magari. Huko gereji ni chumba cha kulaza gari, kimeshikana na nyumba, na mara nyingi hakipashwi moto kama vyumba vingine. Jiko lao ni dogo, basi friji ya pili waliyopewa na jirani wakaiweka gerejini. Wakanunua mbuzi mzima na kuku wengi kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakajaza ile sehemu ya kugandishia. Shemeji akasema, "Huku nje kwenyewe ni friji. Nyama itaharibika vipi?"

Katikati ya Desemba mdogo wangu akafungua mlango, akakutana na harufu. Nyama imelegea, maji ya damu yametiririka mpaka chini. Ikawa kesi. Mtoto wao wa miaka 12 ndiye aliyekuwa akitumwa gerejini, basi ikasemwa ameacha mlango wazi. Akakataa. Akaitwa mwongo mbele ya wadogo zake, na siku tatu hakusema na baba yake.

Aliyeokoa jahazi ni fundi mmoja mzee wa mtaani. Aliangalia friji, akacheka, akasema mtoto hana kosa, friji nayo ni nzima. Kumbe baridi ndiyo iliyoisimamisha!

Sikilizeni sababu yake. Friji nyingi zenye sehemu mbili, ya kupooza na ya kugandisha, zina kidude kimoja tu cha kupima baridi, nacho kiko upande wa kupooza. Upande huo ukipata joto kidogo kupita digrii 4 hivi, kidude kinawasha mota, na mota ndiyo inayopeleka baridi pande zote mbili. Sasa gereji ikiwa na digrii 3, upande wa kupooza haupati joto kamwe. Kidude kinaona kazi imekwisha, na mota inalala. Upande wa kugandisha, unaotakiwa kuwa digrii 18 chini ya sifuri, unapanda polepole mpaka unalingana na gereji. Hapo barafu inayeyuka. Kwa digrii 3 nyama mbichi inakaa siku chache tu, haikai wiki tatu.

Kuna mtego mwingine. Baridi ikizidi na gereji ikashuka chini ya sifuri, nyama iliyoyeyuka inaganda tena. Ukiitazama unaiona nzima, kumbe ilikwisha kuharibika. Na chupa za soda upande wa pili zinaweza kupasuka.

Basi mwenye ndugu huko ampe maneno haya:

1. Friji ikae ndani ya nyumba, hata kama ni kwa kubanana. Kitabu cha friji huandika joto la chini inaloweza kuvumilia. Mara nyingi ni kati ya digrii 10 na 16.

2. Kama hakuna nafasi ndani, itafutwe friza ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa gerejini.

3. Kipimajoto kiwekwe ndani ya sehemu ya kugandishia. Ni kitu cha bei ndogo.

4. Asiye na kipimajoto agandishe maji kwenye kikombe, aweke sarafu juu ya barafu, akiache humo. Akikuta sarafu imezama, ajue barafu iliyeyuka.

5. Friji iliyokufa ing'olewe mlango kabla ya kuwekwa nje. Watoto wakicheza kujificha wanaweza kufungiwa ndani wakakosa hewa. Vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyoifanya Marekani itunge sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji lazima uweze kufunguliwa kutoka ndani.

Neno la mwisho linatuhusu hata sisi wa hapa. Mama mkwe alitaka ile nyama ichemshwe sana kwa chumvi na ndimu, maana kwetu chakula hakitupwi. Namwelewa bibi huyo. Nani kati yetu hajalala njaa? Lakini vijidudu vingine vinaacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Moto unaua kijidudu, sumu inabaki. Nyama iliyoharibika inaweza kumlaza mtoto, na kuhara kunamwisha mtoto haraka. Nyama iliyoyeyuka inafaa kugandishwa tena pale tu inapokuwa bado na chembe za barafu, au baridi yake haijapita digrii 4. Zaidi ya hapo, uchungu wa hela umezwe, nyama itupwe.

Walitupa mbuzi mzima. Jioni hiyo shemeji alimwita kijana wake sebuleni, akamwomba radhi palepale mbele ya wadogo zake. Mdogo wangu aliponisimulia hilo alisema nyama wataipata siku nyingine.

Wazazi, kabla hatujamwita mtoto mwongo, tuchunguze kwanza. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.