Ona Gari Kwanza, Dipoziti Baadaye

Simu hii tunaipokea mara nyingi kuliko tungependa. Mteja ameona picha ya Peugeot 504 kwenye kikundi cha WhatsApp: rangi ya krimu, viti vya asili, mnada ni Jumamosi. "Dalali" anamwambia watu ni wengi, atume elfu hamsini awekewe nafasi. Anatuma. Jumamosi akifika kwenye ile yadi, askari wa getini anamuuliza, mnada gani? Ndiyo anatupigia, anataka turudishe pesa.

Kama pesa bado iko kwenye laini ya aliyepokea, tunaweza kuizuia tukiambiwa mapema. Lakini aliyetuma Jumatano na kutupigia Jumamosi amechelewa sana. Ilitolewa kwa wakala siku ile ile.

Msimamo wetu basi ni huu: usitume hata shilingi ya dipoziti kwa gari ambalo hujaligusa. Ndiyo, sisi hupata ada yetu ukituma, na bado tunakuambia usitume.

Tunajua kwa nini magari haya ya zamani yanawashika watu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo 504 au Datsun utakayoipata ni kati ya zile zilizobaki hapa hapa. Halafu kuna Safari Rally. 504 iliishinda mwaka 1975, na Shekhar Mehta akaibeba mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Mtu aliyesimama kando ya barabara akiwa mtoto, akapigwa na lile vumbi, hawezi kuiangalia gari hiyo kama chuma tu. Tapeli anajua hivyo. Picha anayokutumia imechaguliwa ikuguse moyo.

Mnada wa kweli hauna shida na wewe kwenda kuangalia. Tangazo hutaja siku za kukagua na yadi ilipo. Nenda na fundi anayejua magari ya kabureta, maana huyu kijana wa kuchomeka kompyuta hatakusaidia hapo. Inua mikeka, fungua buti, angalia pale tairi la spea linapolala. Gari lililoishi Mombasa au Kilifi huliwa na chumvi kuanzia chini, na juu likang'aa vizuri kabisa. Beba sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa: mahali isiposhika, chini ya rangi kuna fila, si bati. Usitarajie kupewa gari uendeshe. Ukibahatika watakuwashia injini, na kama imeshapashwa moto kabla ufike, jiulize kwa nini. Ukinunua mnadani umechukua gari jinsi lilivyo, hakuna kurudi Jumatatu kulalamika.

Andika namba ya chesisi na ya injini, kisha utafute rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na kile unachotaka kununua. Kwa magari ya umri huu kuna mtego ambao wengi hawaufikirii: mwenye jina kwenye rekodi huenda alishafariki. Kama familia haijashughulikia urithi kortini, utakaa na gari zuri uani ambalo huwezi kuliandikisha kwa jina lako. Muulize dalali mapema ni nani anauza, benki au familia, na nani atasaini uhamisho.

Dalali mwenyewe lazima awe na leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali. Uliza namba ya leseni, na usione haya. Anayekasirika kwa swali hilo amekujibu tayari.

Sasa pesa. Dipoziti ya mnada ilipwe kwa Paybill au Till ya biashara, au benki, na jina liwe lile lile lililo kwenye tangazo. Kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji huonekana kwenye skrini. Lisome! Kama tangazo linasema kampuni na skrini inasema jina la mtu, bonyeza kufuta. "Hiyo ni namba ya mhasibu wetu" ni maneno tunayoyasikia kila siku kutoka kwa waliolia. Uliza pia usiposhinda, dipoziti inarudi lini na kwa njia gani, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Ukishinda, kumbuka kikomo: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na siku nzima hauzidi 500,000. Minada mingi inataka salio haraka, na ukichelewa unaweza kupoteza dipoziti. Ukijua gari litazidi hapo, panga na benki yako kabla ya Jumamosi, si nyundo ikishagonga.

Na kiasi utakachoishia, kiandike kwenye karatasi nyumbani ukiwa umetulia, pamoja na pesa ya fundi, rangi na bima. Karatasi hiyo mpe mtu utakayeenda naye, mkeo au rafiki asiyependa magari hata kidogo. Yeye ndiye akushike mkono ukitaka kuuinua tena.

Kama ulishatuma kwa namba unayoitilia shaka, acha kusoma, tupigie sasa hivi.