Giza la Saa Mbili

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita, nalo ni hili: usiku wetu twautumia vibaya.

Katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uko mji mdogo uitwao St. Johnsbury, wenye watu wapatao 7,000. Mji huo ulipata sifa kwa mizani. Thaddeus Fairbanks ndiye aliyebuni mizani ya jukwaa, ile ya kupimia mizigo mizito, na jamaa yake wakatajirika kwayo. Mtoto wa ndugu yake, Franklin Fairbanks, alipenda kukusanya ndege na wanyama waliokaushwa, na mawe, na wadudu. Basi mwaka 1889 akaanzisha nyumba ya makumbusho ili watu wa mji wake wapate kujifunza humo. Ipo mpaka leo. Ndani yake mna planetariamu, yaani chumba chenye dari la kuba ambamo mashine huonyesha mfano wa mbingu na nyota zake. Chumba chenyewe ni kidogo, hawaingii watu hamsini kwa mara moja. Kimepewa jina la Lyman Spitzer, mtaalamu aliyetoa shauri mwaka 1946 kwamba darubini kubwa ipelekwe juu kupita hewa ya dunia.

Nimeutaja mji huo kwa sababu ya majira yake. Kule mwezi wa Juni jua huchwa yapata saa mbili na nusu usiku, na giza halisi haliingii mpaka saa nne imepita. Mtoto wa shule amekwisha kulala. Lakini yafikapo majira ya mapukutiko, tangu Septemba hata Novemba, majani ya miti hugeuka mekundu na manjano, na siku hufupika upesi. Mwisho wa Oktoba jua huchwa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo makumbusho madogo ya nchi kama hizo hupata nafasi ya kuwaita majirani jioni, mtoto na mzazi wake pamoja, wakatazama dari la kuba kisha wakatoka nje kuitazama mbingu yenyewe. Tena tangu mwaka 2010 kuna usiku mmoja kila mwaka, Septemba au Oktoba, ambao watu wa dunia nzima hualikwa kuutazama mwezi. Huchaguliwa siku ambayo mwezi u karibu na nusu, maana penye mpaka wa nuru na kivuli ndipo milima na mashimo yake huonekana vizuri. Mwezi mpevu hupendeza, lakini hauonyeshi mengi.

Wenzetu, basi, hungojea miezi kadhaa ili giza liwahi kabla ya watoto kulala. Sisi tulio karibu na ikweta hatungojei kitu. Iwe Januari, iwe Juni, ifikapo saa mbili usiku nyota zimekwisha kutoka. Tena twaona zaidi yao: Msalaba wa Kusini hauchomozi Vermont hata usiku mmoja wa mwaka.

Na saa mbili usiku sisi tuko wapi? Tuko prepu, madirisha yamefungwa, twachora mfumo wa jua kutoka kitabu cha Jiografia. Nimeuchora tangu Kidato cha Kwanza. Naweza kuitaja sayari zote kwa taratibu bila kukosea, lakini mpaka mwaka jana nilikuwa sijui kwamba Zuhura ndiyo ile nyota ya alfajiri niionayo nikienda kuteka maji.

Muhula uliopita sisi wa chama cha sayansi tuliomba ruhusa ya saa moja tu uwanjani. Tukakataliwa. Sababu ya kwanza ilikuwa masomo, nami naiheshimu, ingawa sioni kwamba kutazama nyota si masomo. Sababu ya pili ilikuwa nyoka. Uwanja wa mpira hufyekwa kila Jumamosi, nasi ndio tuufyekao. Ya tatu ilikuwa kwamba shule haina darubini. Hii ndiyo iliyonisikitisha, kwani Kilimia hakihitaji darubini. Wazee wetu walikiangalia kwa macho matupu wakajua wakati wa kulima, na jina lake lenyewe latokana na kazi hiyo. Mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita, wengine husema saba. Nyumbani babu yangu husema saba, nami naona sita, na ubishi huo haujaisha.

Natamani babu huyo, na wazee wengine wa jirani, waalikwe siku moja wakae nasi uwanjani, wao watuambie majina wayajuayo, nasi tuwaambie ya kitabuni. Wazazi hualikwa hapa siku ya kupokea ripoti na siku ya michango. Haijatokea waalikwe kujifunza kitu pamoja na watoto wao.

Kwa hiyo namwomba Mwalimu Mkuu na Kamati ya Wazazi watupe usiku mmoja tu wa kujaribu. Shule ikifunguliwa mwezi wa Januari, saa mbili usiku Kilimia kitakuwa juu upande wa kaskazini, juu ya mabweni. Taa za nje zizimwe kwa saa moja. Mikeka tutaileta wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu