Kioo Kinachochagua Jua

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Miono, na wateja wangu wengi hutaka kitu kimoja: "Fundi, niwekee kioo cheusi." Nawawekea. Jua la saa nane linapungua, lakini mchana huohuo taa zinawashwa sebuleni, na ukitazama uani utadhani magharibi imeingia. Kioo cheusi hakichagui.

Binti yangu anayesoma fizikia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyenieleza kwamba kinachochagua kipo, na Mtanzania alishiriki kukitengeneza. Mwaka 1989, G. W. Mbise wa chuo hichohicho na wenzake Smith, Niklasson na Granqvist walichapisha utafiti wao katika jarida la Applied Physics Letters. Kioo chao hutengenezwa hivi: ndani ya chumba kilichotolewa hewa, kromu hupashwa moto hadi igeuke mvuke, nao mvuke hukifikia kioo kwa mshazari. Chembe zinazotangulia kutua huweka kivuli nyuma yake. Iliyorefuka hudaka mvuke zaidi, iliyo kivulini hudumaa, kama mahindi yaliyobanana shambani. Vinaota vijiti vya metali vilivyoinama, vyembamba kiasi kwamba maelfu yangeenea katika unene wa unywele mmoja. Mwanga unaokuja sambamba na vijiti hupenya vizuri kuliko unaovikata. Kwa hiyo dirisha linaweza kulizuia jua la juu na bado likakuonyesha barabara.

Tangu hapo watafiti wengine duniani wamejifunza kuamua hata fuwele za vijiti hivyo zielekee wapi, kwa kubadili mshazari, joto na mzunguko wa kioo. Ni kazi ya mikono makini. Naiheshimu.

Linaloniuma ni kwamba miaka yote hii sijaletewa hata kipande kimoja nikifunge. Zahanati na madarasa ya Pwani yanajengwa kila mwaka, na yote yanapata kioo kilekile. Naiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia na Chuo Kikuu wachague darasa moja linalotazama magharibi, watupe kioo hicho, nasi mafundi tukifunge. Vijiti vina nafasi kati yake, na upepo wa kwetu huku Pwani una unyevu na chumvi vinavyoweza kupenya humo na kuviharibu. Nashauri utando huo wa vijiti ukae katikati ya vioo viwili vilivyozibwa kingo zote, unyevu usipite. Kisha wapime joto la chumba, Oktoba, jua la saa nane linapolipiga dirisha.