Kilima Kina Wenyewe

Picha za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, zimeenea duniani kuliko wenyeji wanavyodhani, ila karibu zote ni picha za mahema. Warundi walipomiminika baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, kamera zilifuata. Zilirudi 1996 Wakongo walipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, zikarudi tena 2015 kambi ya Nduta ilipojaa upya. Katika picha hizo zote kuna kilima nyuma ya foleni ya maji, na hakuna aliyewahi kukiuliza jina. Toleo hili limekigeukia kilima hicho. Humu hamna hema wala foleni, na anayetafuta simba afunge gazeti mapema aende Serengeti.

Swali litakalokuja nalijua, maana limeshaulizwa humu ofisini na kwa sauti kubwa: watu wanahangaika na kuni na chakula, ninyi mnapiga picha umande? Swali ni la haki. Kosa lake ni kudhani kwamba kuitazama ardhi kwa utulivu ni starehe ya walioshiba, iliyoletwa Buha, nchi ya Waha, na watu wenye kamera. Kwa Waha kuitazama ardhi ilikuwa kazi, tena yenye cheo.

Mwanahistoria Michele Wagner aliandika juu ya jambo hili katika kitabu Custodians of the Land, kilichotoka 1996 chini ya uhariri wa Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo. Sura yake inahusu namna watu wa Buha walivyoyafikiria mazingira yao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Humo ndimo walimo wateko, wazee waliosimama kati ya watu na ibisigo, yaani nguvu zilizoaminika kukaa mahali fulani: chemchemi hii, mti ule, bonde lile. Aliyetaka kufungua shamba jipya hakushika shoka kwanza. Alikwenda kwa mteko. Mwami, yaani mtawala, alikuwa na watu na ng'ombe wake, lakini ardhi ilikuwa na mjuzi wake, na ujuzi huo haupatikani kwa kupita njia.

Simtumi mtu yeyote kwenye tambiko. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, Wakatoliki wana Kabanga yao, Waislamu wana misikiti yao, na wasomaji wetu wengi husali mahali pamoja kati ya hapo. Ninachokitaka ni adabu ile tu, na haimpingi mtu wa dini yoyote: mahali pana wenyewe, anayefika hubisha hodi. Muislamu asomaye Sura ya Al-Ghashiya anajua ameagizwa atazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. (Hata ubishi wa siku nyingi wa masheikh kuhusu picha za viumbe vyenye roho huwa hauugusi mti wala jiwe, kwa hiyo mpiga picha wa miombo alale usingizi.) Mkristo naye ana Thomas Merton, mmonaki wa Kentucky aliyeazimwa kamera na rafiki yake John Howard Griffin, akautumia muda wake wa mwisho kabla ya kufariki 1968 kupiga picha za visiki, mawe na kuta za mbao. Alizihesabu kuwa sehemu ya sala.

Merton tunampenda, lakini si kila kinachomfuata kinafaa kuhamishiwa huku. Pamoja na upigaji picha wa tafakuri imekuja dhana ya pori tupu, lisilokanyagwa, ambamo mtu mmoja na Mungu wake hukutana bila shahidi. Nimesoma maelezo ya picha za Moyowosi yaliyoandikwa hivyo. Nchi yenyewe inamshawishi mtu aamini. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, iliyoorodheshwa 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, ina zaidi ya hekta milioni 3. Ukisimama kwenye mafunjo yake asubuhi, korongo nyangumi yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu akiwa ametulia akimvizia kamongo, ni rahisi kudhani hapajawahi kusikika mtoto analia.

Palisikika. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za nyanda hizi na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Mashamba yalirudi kuwa pori, na mbung'o wakapata nafasi. Wanaume wengi walikuwa tayari wameshakwenda umanamba katika mkonge wa Tanga. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakahamishiwa vijijini kwa mara nyingine, na nyumba zikaachwa. Ukikuta mwembe mzee katikati ya miombo, kuna mtu aliyeupanda. Basi ukimya wa pale ni wa watu waliohamishwa. Mpiga picha anayeuita ukimya wa uumbaji anasali vizuri katika nyumba ya mtu bila kujua ni ya nani.

Hii haimaanishi kwamba porini hamna la kustaajabisha isipokuwa historia. Chini ya nyanda hizi, huko Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Julai 1960 na Hugo van Lawick akamfuata na kamera zake 1962, sokwe huenda kwenye maporomoko ya Kakombe na kufanya jambo la ajabu. Huyumba, hukanyaga maji, hurusha mawe, kisha wengine huketi na kuyatazama maji yanavyoanguka. Goodall alijiuliza maisha yake yote kama huo si mwanzo wa kile ambacho kwa binadamu kimekuwa ibada. Mimi sina jibu la kisayansi. Naona tu kwamba sokwe aliyeketi mbele ya maporomoko bila kutafuta chakula anawashinda wapiga picha wengi tunaowajua, ambao wakishapiga hawatazami tena.

Na nyanda hizi hazimpi kitu mtu mwenye haraka. Anayetoka Dar es Salaam na saa yake hujikuta gizani, kwa sababu jua la Kasulu huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya lile la pwani, ingawa saa ni moja. Kiangazi moshi wa mbuga zinazoungua hufunika kila kitu, jua likawa duara jekundu lisilo na miale. Halafu, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Hapo ndipo wengi huharibu kwa kuongeza rangi mpaka mlima unakuwa peremende. Na Malagarasi ndiyo kabisa: unaanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, unaligeuzia ziwa mgongo, unakwenda kaskazini, unazunguka hadi kwenye vinamasi vya Moyowosi, ndipo unarudi kupitia Uvinza kuingia katika ziwa lile lile. Hakuna picha itakayoubeba mto huo. Lililobaki ni kuchagua kivuko kimoja na kukaa hapo mpaka wavukaji wakuzoee.

Kwa hiyo tumechagua kwa masharti ambayo baadhi ya walioleta kazi hawakuyapenda. Tumekataa picha nzuri ya bundi kwa sababu kiota chake kilifunguliwa ili mwanga uingie. Tumekubali za simu, tena nyingi, kwa kuwa simu nyingi hazina lenzi ndefu na humlazimisha mwenye nayo asogee, aonekane, aulizwe anafanya nini. Mahali ambapo wazee waliomba pasitajwe hapakutajwa. Penginepo pote kila picha ina jina la kilima au kijito kwa Kiha, kama wenyeji wanavyopaita, na ambaye hakulijua alirudi kuuliza kabla hatujapokea kazi yake. Kama kazi ya picha inaweza kuwa ibada, tumeipima hapo, kwenye kurudi kuuliza, na kwa macho yangu zilizorudi zimekuwa bora kuliko zilizoletwa mara ya kwanza.

Tuna ombi moja. Katika masanduku ya parokia, ya shule na ya familia za Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko zimo picha za zamani zenye vilima visivyo na majina. Zitoeni, mkae nazo mbele ya bibi na babu wangali wanakumbuka, mwandike nyuma yake kwa penseli jina la mahali na nani alikaa hapo kabla ya kuhamishwa. Kisha mtuletee nakala. Picha zenyewe zibaki kwenu.