Usitoe dola mbele ya kujaribu

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa mbele ya mwaka 2017, na hizo ndizo wanafunzi wengi wa Goma na Bukavu wanaweza kununua.

Je, zitupwe? Hapana. Linux Mint ni ya bure, na RAM ya GB 4 inaitosha. ThinkPad ya zamani yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inaweza kuandikia TFC bila shida: LibreOffice iliyomo tayari inafungua kazi za Word, hata bila intaneti.

Lakini nenda kwa muuzaji na Linux yako kwenye flashi ya USB. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Haifuti kitu ndani. Jaribu wifi, sauti na kibodi. Kisha chomoa chaja, uone betri inadumu dakika ngapi. Umeme wetu tunaujua. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na feza zako.

Vyuo vikuu navyo visinyamaze. Flashi moja kwa kila darasa ingeokoa jasho la wazazi wengi.