Soda na Mkate Si Mshahara

Katika makanisa na maduka yetu mengi yupo kijana ambaye kila mtu anamjua. Huja alfajiri, hufagia ua, huteka maji, hupanga viti, na jioni hupewa soda na mkate, pengine na shati kuukuu. Wakubwa husema, "Tunamsaidia." Sisi twauliza: ni nani hapo anayemsaidia mwenzake?

Kijana huyo ana ulemavu wa akili. Si mgonjwa wa akili, ingawa wengi, hata mawakili wenzetu, huyachanganya mambo hayo mawili. Hujifunza polepole, basi. Akishajifunza kazi, huifanya.

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 82, ilitaja mambo ambayo mtu hakupaswa kubaguliwa kwayo: kabila, rangi, imani, maoni ya kisiasa. Ulemavu haukutajwa. Sheria ya Ajira ya 2007 iliutaja, Katiba ya 2010 ikautaja pia katika kifungu cha 27, na kifungu cha 41 kikampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 nayo yawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Twaipokea kwa shukrani, lakini hesabu hiyo yaweza kutimia bila mwenye ulemavu wa akili hata mmoja kuvuka mlango. Mwajiri akisikia neno ulemavu huona kiti cha magurudumu. Hubomoa ngazi, hujenga mteremko, akaridhika. Mteremko wa kijana wetu ni mtu wa kumwonyesha kazi mara 10 badala ya mara 2, ni picha ukutani badala ya maandishi, ni msimamizi asiyebadilishwa kila juma.

Twaambiwa, "Huyo hawezi kuelewa mkataba." Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kilikwisha kujibu. Mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe, na asiyeweza kuyaelewa masharti yake, ni wajibu wa mwajiri kuona kwamba ameelezwa kwa lugha aielewayo. Alama ya kidole gumba, ikitiwa mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri, yatosha. Sheria haikusema asiyeelewa asiajiriwe, ilisema aelezwe. Tena kifungu cha 37 chamhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi kuwa mwajiriwa wa mwezi, asiyeweza kufukuzwa bila ilani ya siku 28.

Kabla ya kuwanyoshea kidole wenye viwanda, tuanze nyumbani. Kamati za kanisa zinapoketi kupanga matumizi ya fedha, na ziulize ni nani afagiaye ua, tangu lini, kwa malipo gani, na kama jina lake li katika orodha ya mishahara au li katika orodha ya maskini.